Safu ya Nne na Safu ya Thelathini na Moja

Nchi ninayoisimulia msiitafute kwenye ramani. Na mkiulizwa nani kawasimulia, semeni jina limewatoka, maana kwetu kusahau hakujawahi kumfikisha mtu mahakamani, ila kukumbuka kumewaponza wengi.

Mimi naitwa Medadi Lugenzi, mtumishi wa Shirika la Ndege la Taifa. Cheo changu ni Karani wa Taarifa Njema. Karani wa Taarifa Mbaya naye yumo kwenye muundo wa utumishi, lakini nafasi yake haijajazwa tangu shirika lianze, na haja yenyewe haijaonekana. Tuna ndege mbili, Nidhamu na Subira. Nidhamu iko matengenezoni, mwaka wa nne huu. Kwa hiyo wananchi wanasafiri kwa Subira.

Mambo yalianza siku Mkuu wa Nchi alipolihutubia taifa akasema undugu unaitafuna nchi kama mchwa unavyotafuna boriti. Aliyasema kwa uchungu, na waliokuwa jukwaani wakatikisa vichwa kwa huzuni: Waziri Mkuu, ambaye ni shemeji yake, Jaji Mkuu, ambaye ni binamu yake, Mkuu wa Majeshi, ambaye amemwoa dada wa yule shemeji, na Msemaji wa Ikulu, ambaye hawahusiani kabisa, ila walinyonya ziwa moja. Palepale ikaundwa Wizara ya Mtawanyo, akakabidhiwa Mheshimiwa Dakta Ntungwa, mpwa wa Mkuu wa Nchi, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Wizara ilitafuta pa kuanzia. Maofisini hapakufaa, watu walikuwa kazini. Baada ya utafiti wa miezi minane ilibainika kwamba mahali ambapo ndugu hukaa pamoja waziwazi, mchana kweupe, bila hata aibu, ni ndani ya ndege. Sheria ikapitishwa kwamba ndugu wa damu, wa ndoa au wa kunyonya, wakisafiri kwa ndege moja, watenganishwe kwa safu zisizopungua ishirini na tano. Mbunge mmoja aliuliza kuhusu watoto wadogo. Akajibiwa kwamba mtoto ndiye ndugu wa karibu kuliko wote, na upendeleo huanzia kwake. Hata matangazo yetu yalirekebishwa: tukaacha kusema "Ndugu abiria", tukawa tunasema "Abiria msiohusiana". Katika miezi sita ya kwanza hakikutokea kisa hata kimoja cha upendeleo wa kindugu angani. Taarifa hiyo niliiandika mimi.

Sasa sikilizeni yaliyompata Sikudhani Mbelwa.

Sikudhani alikuwa mpimaji wa mizani katika kinu cha pamba, mji wa Pambani, magharibi mwa nchi. Wakulima walimheshimu kwa sababu mizani yake haikumjua mtu. Diwani alipimiwa sawa na kibarua. Alikuwa na binti mmoja, Zawena, wa miaka mitano, ambaye homa ya uti wa mgongo ilimwondolea masikio alipokuwa na miaka miwili. Kwa miaka mitatu mama na mtoto walizungumza kwa mikono. Hawakufundishwa na mtu. Maneno yao waliyatunga wenyewe, jikoni na njiani. Kiganja shavuni maana yake mama. Kidole kuelekea chini maana yake yupo hapahapa. Ngumi mbili kukutana tumboni maana yake shikilia, usiachie. Hilo walilitunga kwenye baiskeli, maana Sikudhani alikuwa akimpakia mtoto nyuma kila asubuhi kwenda kinuni.

Hospitali kuu ya makao makuu ilikuwa imemwita Zawena. Walikuja madaktari wa masikio, wakae siku tatu tu, na Zawena alipangiwa Alhamisi. Kwa barabara ni safari ya siku nne, tena kama mvua haijanyesha, na mvua ilikuwa imenyesha. Ndege ya Pambani ni moja kwa wiki, Jumatano asubuhi. Mimi Jumatano hiyo nilikuwa hapo uwanjani, nimetumwa kukusanya ushuhuda wa abiria waliofurahi.

Mezani alikaa Bwana Lukwaro, Afisa Mtawanyo, kijana mpole, mwenye sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Jina?"

"Sikudhani Mbelwa. Na huyu ni Zawena, mwanangu."

Lukwaro aliinua kichwa. "Umesema mwanao?"

"Mwanangu wa kumzaa."

"Basi mama umejieleza mwenyewe, mimi sikukuuliza." Alichukua kalamu nyekundu, akaandika. "Wewe ni nne C. Yeye ni thelathini na moja E."

Sikudhani alizitazama zile kadi mbili kama anayetazama mizani iliyokataa kutulia. "Kaka yangu, huyu ana miaka mitano."

"Naona. Ndiyo maana tumempa siti ya katikati. Atakuwa na mtu kila upande."

"Hasikii. Hazungumzi. Mtu pekee anayeelewana naye ni mimi."

Lukwaro alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, si kwa kujifanya. "Hilo nalo tumelizingatia bila kujua," alisema. "Kule nyuma injini zina kelele sana. Abiria wengi wanalalamika. Yeye hazitamsumbua."

Sikudhani hakupaza sauti. Aliuliza kama kuna njia yoyote, hata kama ni ndefu. Lukwaro akafurahi, kwa sababu njia ilikuwepo, akatoa karatasi kwenye droo. Ilikuwa Tamko la Kutohusiana. Aliyetia sahihi alitamka mbele ya serikali kwamba mtoto aliye naye si wake, si wa ndugu yake, wala hajui alikotoka. Akishatamka hivyo, sheria haimhusu tena, na anaweza kukaa naye bega kwa bega.

Sikudhani alishika kalamu. Kwenye mstari wa nyuma yake kila mtu alikuwa anasikiliza. Zawena alikuwa amevaa sweta ya kijani na mabutu mawili kichwani, akamtazama mama yake usoni, maana usoni ndiko alikokuwa akisoma habari zote. Ncha ya kalamu ilishagusa karatasi pale Sikudhani alipouliza, "Tukifika makao makuu inakuwaje?"

"Mkifika unaendelea na safari yako."

"Na mtoto?"

"Mtoto asiye na ndugu anapokewa na Ustawi uwanjani, anapelekwa Nyumba ya Taifa. Hilo si shirika letu tena, ni wizara nyingine. Lakini nasikia pana chakula kizuri."

Kalamu ikarudi mezani. Sikudhani aliisukuma ile karatasi taratibu mpaka upande wa Lukwaro. "Andika ni wangu," alisema. "Andika kwa wino usiofutika."

Alisogea pembeni, akachuchumaa mbele ya Zawena, akaanza kumweleza kwa mikono. Sikuelewa yote. Niliona akionyesha mbele, akionyesha nyuma, akihesabu vidole. Mtoto alikubali kwa kichwa, halafu akakataa, halafu akakubali tena bila kutaka. Mimi nilifungua daftari langu la ushuhuda. Nikaandika tarehe, nikalifunga.

Wakati huohuo aliwasili Waziri wa Mtawanyo mwenyewe, Dakta Ntungwa, aliyekuwa Pambani kuhimiza sheria yake. Alikuwa na mkewe, mama mkwe, wadogo zake wawili na watoto sita. Walipita moja kwa moja wakaketi safu tatu za mbele, nyuma ya pazia. Nisieleweke vibaya. Wale hawakuwa familia. Walikuwa msafara, na sheria haina kifungu kinachotenganisha msafara.

Mimi nilikaa kumi na nane C, kando ya njia. Ng'ambo ya njia, kumi na nane D, alikaa Bwana Ngwatu, Msimamizi wa Mtawanyo Angani, mtu mnene mwenye daftari jeusi na filimbi shingoni. Filimbi hiyo hajawahi kuipiga ndani ya ndege, ila huigusagusa.

Tuliruka salama. Nusu saa ya kwanza nilikuwa nageuka nyuma kila mara, nikijiambia nakagua hali ya huduma. Zawena alikuwa amekaa kati ya mwanajeshi mmoja aliyelala na mzee mmoja mwenye miwani minene, Mzee Kalebe, aliyekuwa akienda kumwona mkewe. Mke mwenyewe alikuwa humohumo ndani ya ndege, safu ya tano. Mtoto alikuwa ameshika kingo za kiti kwa mikono yote miwili, macho yameganda mbele. Kwa kimo chake hakuona kitu isipokuwa mgongo wa kiti.

Dakika ya arobaini tuliingia kwenye wingu. Subira ni ndege ya zamani, na ikiingia wingu hulalamika mbao kwa mbao, ingawa mafundi wanasema haina mbao. Taa ya mikanda iliwaka. Rubani alitangaza kwamba abiria wasiohusiana wafunge mikanda na wasiinuke, hali ya hewa mbele ni mbaya. Kila mtu alisikia, isipokuwa mmoja.

Yeye alichoona ni watu wanashika vichwa, chupa ya maji inabiringika, na mama hayupo. Akafungua mkanda, akateleza chini, akapita mbele ya magoti ya yule mwanajeshi, akaanza kuja mbele, anapepesuka, anajishika kiti baada ya kiti.

Alipofika usawa wetu Bwana Ngwatu alinyoosha mkono ukaziba njia. "Abiria wa thelathini na moja E, rudi."

Mtoto alimtazama mdomo.

Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama serikali inavyofanya ikiona haijaeleweka. "Rudi kwenye safu yako."

Mhudumu wetu, Leokadia, alikuja mbio akijishikashika, akambeba. Hapo Zawena akalia. Sijui niielezeje sauti ile. Haikuwa na neno ndani yake. Ilikuwa moja, ndefu, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto na hajui kama kuna watu upande wa pili. Kule safu ya nne Sikudhani alisimama.

"Abiria wa nne C, keti," alisema Ngwatu.

"Yule ni mwanangu."

"Ndiyo maana nakwambia keti. Angekuwa wa mtu mwingine tungezungumza."

Ndege ilishuka ghafla, ule mshuko ambao tumbo linabaki juu. Watu waliguna kwa pamoja. Toroli la chai lilichomoka likagonga mlango wa choo. Rubani akaamuru wahudumu nao waketi mara moja. Leokadia alimfikisha mtoto kwenye kiti, akambana mkanda haraka, akarudi kwenye kiti chake cha ukutani akijivuta kwa mikono. Hakuwa amefika, Zawena alishaufungua mkanda tena. Mzee Kalebe alijaribu kumshika, akang'atwa. Mtoto aliingia chini, kati ya viti, akijikunja apite tena, na ndege inatupwa huku na huku. Kila mtu mzima aliyekuwa karibu alielewa jambo moja: mshuko mwingine kama ule utamkuta hajafungwa.

Nilimtazama Sikudhani. Alikuwa amesimama njiani, mgongo kwenye pazia, ameegemea kiti. Kutembea asingeweza hata kama angeruhusiwa, angeangushwa. Kati yake na mtoto kulikuwa na safu ishirini na saba. Aliinamisha kichwa kwa mwanamke wa safu ya tano, Bi. Nyanjige, muuza vitenge, ambaye ndiye mke wa Mzee Kalebe.

"Dada," alimwambia, "geuka nyuma, umfanyie wa nyuma yako hivi. Umwambie naye amfanyie wa nyuma yake, mpaka wafike kwa mtoto."

Akaweka kiganja shavuni. Akaelekeza kidole chini. Akakutanisha ngumi mbili tumboni.

"Sheria inaruhusu?" aliuliza Bi. Nyanjige.

"Sheria imesema viti. Mikono sijaisikia."

Bi. Nyanjige aligeuka. Kiganja, kidole, ngumi. Mtu wa safu ya sita akamtazama kama anayetazama kichaa, halafu naye akageuka. Nikaona ule ujumbe unakuja. Wengine waliufanya kwa haya, wengine kwa haraka, mchungaji mmoja wa safu ya kumi aliufanya taratibu kama anabariki. Safu ya kumi na mbili alikuwepo mwanamume mwenye mkono mmoja umefungwa plasta. Ngumi zake zisingeweza kukutana, basi jirani yake, ambaye hawakuwa wamesemezana tangu Pambani, akatoa ngumi ya pili, wakazikutanisha za watu wawili.

Mtu wa kumi na saba C aligeuka kwangu. Kiganja, kidole, ngumi. Akasubiri.

Bwana Ngwatu alikuwa ananitazama. Daftari lake lilikuwa wazi, na alishaandika namba kumi na tatu za viti. "Lugenzi," alisema kwa upole, "wewe ni mtumishi."

Ningependa kuwaambia kwamba niliwaza mambo makubwa. Hapana. Niliwaza barua ya onyo itakavyoandikwa, kwa sababu mimi ndiye huziandika. Nilishafika aya ya pili, ile inayoanza na "licha ya kuaminiwa", mikono yangu imelala magotini. Mama wa kumi na tisa C alinigusa bega. "Baba, anasemaje?" aliniuliza. "Baba," alisema tena, "mtoto yuko chini. Mama yake kasemaje?"

Ndege ikashuka mara ya pili. Nyuma kule nikasikia kitu kikigonga chuma, na ile sauti ndefu ikakatika.

Nikageuka. Niliweka kiganja shavuni, nikaelekeza kidole chini, nikakutanisha ngumi tumboni kwa nguvu mpaka nikajiumiza. Mama wa kumi na tisa akageuka nami sijamaliza. Ishirini, ishirini na tatu, ishirini na saba. Nilifungua mkanda wangu nusu nikainuka nione. Mzee Kalebe alikuwa ameinama, uso wake karibu na sakafu, akimtafuta mtoto kwenye giza la viti. Zawena alikuwa amejigonga kipaji, damu kidogo juu ya nyusi. Mzee alivua miwani. Akaweka kiganja shavuni.

Mtoto akaganda.

Kidole chini. Ngumi mbili tumboni.

Zawena alitoka chini taratibu akamtazama mzee, akamtazama wa safu ya mbele aliyekuwa bado amegeuka, na wa mbele yake, na wa mbele zaidi. Wote walikuwa wamekutanisha ngumi, wanamtazama. Akapanda kitini. Mwanajeshi, ambaye sasa alikuwa macho kabisa, akamfunga mkanda, na mtoto akaweka ngumi zake mbili juu ya kifungo.

Nilidhani yameisha. Lakini Zawena alimgusa mzee, akaweka kiganja shavuni, akakutanisha ngumi, akainua nyusi, akaonyesha mbele. Mzee Kalebe akageukia safu ya thelathini, akayafanya yote, na nyusi akaziinua. Ujumbe ukaanza kurudi. Zile nyusi zilitutatiza, wengine walidhani ni hofu, lakini kila mtu aliziinua kama alivyopokea. Zilinifikia, nikaziinua, nikampa wa kumi na saba. Zilipofika safu ya tano Bi. Nyanjige alimfanyia Sikudhani, na Sikudhani, aliyekuwa bado amesimama njiani, akashusha mikono.

"Anasemaje?" aliuliza Bi. Nyanjige.

"Anauliza kama na mimi nimefunga."

Akakaa. Akafunga mkanda. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa tangu sheria ianze, huyo ndiye abiria wa kwanza kuketi mara moja baada ya kuagizwa, ingawa aliyeagiza hakuwa Msimamizi.

Kwa robo saa nzima, Subira ikitupwa, ngumi zilikwenda na kurudi. Mama yupo. Shikilia. Na wewe shikilia. Nimeshikilia. Bwana Ngwatu aliandika viti mpaka akageuza ukurasa.

Ndipo pazia lilipofunguliwa. Mheshimiwa Waziri alikuwa amesikia ukimya mrefu na ukimya humtia wasiwasi. Alitokeza kichwa, amejishika kiti, uso umepauka, akaona safu kwa safu za wananchi waliokutanisha ngumi vifuani na tumboni na nyusi zimeinuliwa kuelekea mbele, yaani kuelekea kwake. Macho yake yakalowa.

"Wananchi msiohusiana," alisema, "nimehutubia mikutano mingi. Nimepigiwa makofi na watu walioletwa kwa malori. Lakini katika saa ya hatari, wote, bila kuletwa na mtu... Nimeiona imani yenu. Nami nawajibu." Akakutanisha ngumi zake tumboni, ndege ikayumba, akaanguka mapajani mwa mama mkwe wake.

Tulitua saa nne na nusu. Bwana Ngwatu alisimama mlangoni na orodha ya viti arobaini na kimoja, cha kwangu kikiwemo, na askari wawili wakisubiri chini ya ngazi. Waziri alipompita alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ngwatu, umeandaa vizuri," alisema. "Nataka majina ya wote walioshiriki, waandikiwe barua za pongezi." Ngwatu akakabidhi orodha. Ndiyo sababu nina barua ya pongezi kwenye faili langu, na ndiyo sababu Sikudhani hakukamatwa. Alimsubiri Zawena chini ya ngazi, na mtoto aliposhuka hawakukumbatiana kama nilivyotarajia. Alimshika kidevu, akaligeuza lile jeraha kwenye mwanga, akalipuliza, akalipuliza tena. Halafu wakaondoka, kila mmoja amemshika mwenzake mkono kwa nguvu.

Wiki iliyofuata ulitoka waraka. Salamu ya Mtawanyo ikawa ya lazima katika safari zote: kiganja shavuni, kidole chini, ngumi mbili tumboni, nyusi juu, kuelekea picha ya Mheshimiwa Waziri iliyobandikwa mbele. Mwongozo niliuandika mimi, kwa michoro. Kuhusu maana yake, Wizara ilieleza kwamba kiganja ni tafakuri, kidole ni uzalendo, na ngumi ni mshikamano wa watu wasiohusiana. Safu zilibaki vilevile ishirini na tano.

Baada ya wiki mbili niliomba kurudi Pambani kumalizia ushuhuda. Niliangalia kwanza orodha ya abiria, kisha nikaomba. Uwanja wa makao makuu una Afisa Mtawanyo mwingine, Bi. Tekla, mama wa makamo ambaye hajawahi kukosea. Sikudhani alikuwa mezani kwake na kadi mbili mkononi: nne C, thelathini na moja E. Safari hii hakubishana. Zawena alikuwa pembeni, na nyuma ya kila sikio alikuwa na kidude cha rangi ya maziwa chenye waya mwembamba. Mama yake alinieleza kwa sauti ya chini. Madaktari walikuta masikio hayakufa yote. Wao walishaondoka, lakini mashine walizoagiza ziliwashwa hospitalini siku tatu zilizopita. Anasikia, lakini kwake bado ni sauti tu; maneno yatachukua miezi, pengine mwaka.

"Na kule nyuma?" nilimwuliza.

"Kule nyuma injini zitamtisha. Sasa anazisikia."

Nikamgeukia Bi. Tekla nikaomba siti ya thelathini na moja D.

Alinitazama juu ya miwani. "Hiyo ni jirani na mtoto. Watumishi hukaa kumi na nane."

"Nataka kukagua huduma za nyuma."

Zawena alikuwa amenitambua. Alinishika upindo wa shati, akalivuta, akamwonyesha mama yake. Bi. Tekla aliuona ule mkono. Akachukua kalamu nyekundu.

"Bwana Lugenzi, mtoto huyu ni nani wako?"

Sikudhani alikuwa ananitazama kama alivyozoea kutazama mshale wa mizani. Ningejibu lolote lenye harufu ya undugu, ningehamishiwa safu ya sita, na mtoto angekaa na yeyote yule.

"Si ndugu yangu," nilisema.

"Sema kwa sauti. Inaandikwa."

"Mtoto huyu si ndugu yangu," nilisema kwa sauti kubwa, ya kiofisi, ikasikika hadi mlangoni. "Hatuhusiani."

Zawena aligeuka ghafla. Alinitazama mdomo, kisha shingo. Akatabasamu mpaka pengo la jino likaonekana. Akainua mkono akaniwekea kooni, pale sauti ilipotokea, na kwa mkono wa pili akaniashiria nirudie.

Nilimtazama mama yake. Nilimtazama Bi. Tekla, aliyekuwa amesubirisha muhuri hewani. Nikainama, nikarudia mara tatu, kwa sauti nzuri kuliko zote nilizojaliwa, kwamba si ndugu yangu.